Bundi Aliaye Juu ya Paa

Hapana ndege katika milima yetu ya Kivu atajwaye kwa sauti ya chini kama bundi. Kunguru akitua juu ya paa, watoto humtupia kijiwe na kucheka. Mwewe akizunguka angani, mama wa nyumba hupiga kelele, huita vifaranga vyake, kisha hurudi kupepeta maharagwe. Lakini bundi akilia mara mbili nyuma ya jiko, mazungumzo hukoma. Baba hutoka nje na kijinga cha moto, naye mama humfunika mtoto. Kukicha, majirani huulizana: «Ni nani aliye mgonjwa?» Na ikiwa kijijini yuko mjane mzee akaaye peke yake, macho ya watu huanza kumgeukia.

Wasomaji wapenzi, leo twataka kumtazama ndege huyu jinsi alivyo kweli, si jinsi asimuliwavyo usiku kando ya moto. Ninyi mlimao viazi na mahindi katika vilima vya Masisi, nanyi mkaao chini msituni Walikale penye mihogo, ndizi na michikichi, yawafaa kumjua jirani huyu, kwa kuwa kila usiku yumo mashambani mwenu akitafuta chakula chake. Chakula hicho si kuku wenu wala mahindi yenu.

Kwanza ifahamike kwamba bundi si mmoja. Wasemao Kinyarwanda humwita igihunyira, na huko pwani Waswahili wana majina babewana na babewatoto, majina yenyewe yakiwataja watoto; lakini chini ya kila jina wamejificha ndege wengi. Mtu atokaye Sake hupanda mpaka Masisi, mahali pengi akipita kimo cha mita 2000, penye baridi, malisho ya ng'ombe na mikaratusi. Akishuka kwa njia ya Nyabiondo kuelekea Walikale, hewa huwa nzito na ya joto, na msitu mkubwa humfunika. Katika njia hiyo moja aweza kuwasikia bundi wa aina nyingi bila kumwona hata mmoja.

Yule ambaye wengi humsikia kandokando ya misitu ni bundi wa msituni, wa rangi ya kahawia yenye madoadoa meupe, mwenye macho meusi, asiye na pembe za manyoya kichwani. Huyu ndiye asemaye hu, hu-hu, kisha mwenzake humjibu kwa sauti nyembamba zaidi. Ni mume na mke wanaoitana. Hutaga katika tundu la mti mzee, na sehemu kubwa ya chakula chake ni wadudu: panzi, mende, nondo. Kuna tena bundi mdogo sana mwenye kifua chekundu, asiyezidi ngumi ya mtu mzima kwa ukubwa wa mwili, ambaye mara nyingine huwinda hata mchana. Chini katika msitu wa bonde la Kongo wako bundi wakubwa wenye pembe za manyoya. Hao ndio waitwao na wengi wakuu wa wachawi, kwa sababu ya pembe hizo. Lakini pembe hizo si pembe wala si masikio. Ni manyoya tu, ndege huyainua na kuyalaza apendavyo.

Kando ya mito ya msituni huishi bundi wa ajabu kuliko wote hawa, bundi mvuvi. Huyu hukaa juu ya tawi lililoinamia maji, akaona samaki akitikisa uso wa maji, akashuka na kumnyakua kwa kucha. Miguu yake haina manyoya, kwa kuwa manyoya yangelowana. Nyayo zake zina miiba midogo ili samaki asiteleze. Na jambo hili lastahili kukumbukwa: bundi wengine wengi huruka bila kelele, bali huyu mabawa yake husikika. Wala hana haja ya kunyamaza. Samaki aliye majini hasikii mabawa yaliyo juu.

Lakini yule aletaye hofu kubwa nyumbani ndiye mweupe. Mgongo wake ni wa rangi ya dhahabu na kijivu, tumbo lake jeupe, uso wake mweupe wenye umbo la moyo. Usiku, mwanga wa taa ukimpiga kutoka chini, huonekana kama nguo nyeupe inayopita hewani bila mtu ndani yake. Hukaa katika dari za makanisa, za shule na za nyumba za watu, katika maghala, katika miti yenye mashimo. Msitu mzito haupendi; hupenda mahali pa wazi, mashamba na malisho. Tangu misitu mingi ya Masisi ilipokatwa ikawa malisho na mashamba, nchi yake ya kuwindia imeongezeka, ingawa miti mizee ya kutagia imepungua.

Wanafunzi wengine hudhani kwamba huyu wetu ndiye waliyemwona katika vitabu vya Kifaransa, bundi mkubwa mweupe asimamaye juu ya theluji. Sivyo. Yule wa theluji Wafaransa humwita harfang, na jimbo la Quebec katika Kanada lilimchagua mwaka 1987 awe ndege wake wa alama. Makao yake ni nchi tupu zisizo na miti, kaskazini kabisa mwa dunia. Ni mzito, kilo 2 na zaidi kwa jike, hali huyu wetu hafikii hata nusu kilo. Miguu yake imefunikwa manyoya mpaka kwenye vidole, kana kwamba amevaa soksi. Mweke karibu na mvuvi wa mito yetu aliye miguu mitupu, nawe utaona jinsi kila mmoja alivyovikwa kwa ajili ya nchi yake. Hutaga chini, juu ya kilima kidogo, kwa kuwa miti hakuna. Na kwa kuwa huko jua halichwi kabisa wakati wa miezi ya joto, hana budi kuwinda mchana. Asemaye kwamba bundi ni kiumbe wa giza, na aende akamwulize yule.

Hata hapa kwetu theluji si jambo geni kabisa: asubuhi nyingine kilele cha Karisimbi, chenye mita 4507, huonekana cheupe. Lakini bundi wa theluji hayuko huko. Tumemtaja kwa sababu moja hasa. Maisha yake yote yanategemea panya mdogo wa nchi za baridi aitwaye lemingi. Mwaka lemingi wakijaa, jike huweza kutaga hata mayai 11. Mwaka wakikosekana, hatagi hata moja, na huenda akahama mbali. Yai la bundi hufuata panya. Na huyu mweupe wa dari zetu, ingawa amekaa karibu na mstari wa Ikweta, afuata desturi iyo hiyo: panya wakiwa wengi, hutaga mayai mengi, 5, 6 au 7, panya wakiwa haba, hutaga machache.

Basi tumtazame mwili wake. Macho ya bundi ni makubwa mno hata hayawezi kuzunguka katika fuvu. Yamekaa kama mabomba mawili yaliyopigiliwa. Atakaye kutazama kando lazima ageuze kichwa chote, naye Mungu amempa shingo yenye mifupa 14, hali sisi tuna 7 tu. Kwa hiyo aweza kugeuza uso wake hata robo tatu za duara. Watu wakiona uso unatazama nyuma huku kifua kiko mbele, hushtuka. Laiti wangalijua kwamba ndege huyu hana namna nyingine ya kutazama!

Masikio yake ni ya ajabu zaidi ya macho. Yamefichwa chini ya manyoya ya uso, na tundu moja liko juu kidogo kuliko lingine. Uso ule wenye umbo la moyo ni kama ungo wa kukusanyia sauti. Mlio wa panya hufika sikio moja kwanza, kisha la pili, tena kwa nguvu zisizo sawa; kwa tofauti hiyo ndogo bundi hutambua kama panya yuko kushoto au kulia, juu au chini. Mnamo miaka ya 1950 kijana mmoja wa Marekani, Roger Payne, alitaka kujua hakika ya jambo hili. Alimweka bundi wa aina hii katika chumba chenye giza tupu, sakafu imetandazwa majani makavu, akamwachia panya. Bundi akamkamata. Akavuta kitonge cha karatasi kwa uzi katikati ya majani, na bundi akaishambulia karatasi. Basi si harufu wala joto la mwili lililomwongoza. Akaziba sikio moja kwa pamba, na bundi akakosa. (Payne yuyo huyo baadaye alisifiwa duniani kote kwa kusikiliza nyimbo za nyangumi baharini, yaonekana alikuwa mtu wa kusikiliza.)

Ukali huo wa masikio haungefaa kitu kama mabawa yangepiga kelele. Kwa hiyo unyoya wa kwanza wa bawa lake una meno madogo kama kitana, uso wa manyoya ni laini kama mahameli, na ncha zake zina nyuzinyuzi. Upepo ukipita humo hukatika vipande vipande, wala hauvumi. Panya hasikii kitu mpaka kucha zimemfika. Mtu naye hasikii kitu, mara aona kitu cheupe kimepita mbele ya uso wake, ndipo asemapo kwamba ameona mzimu.

Sasa twafika penye sauti, na hapa ndipo fitina yote inapoanzia. Bundi mweupe hasemi hu-hu. Hupiga ukelele mrefu wa kukwaruza, kama mwanamke aliyeshtuka au kama bawaba isiyotiwa mafuta. Makinda yake nayo hulia kwa namna yake. Jike hulalia mayai tangu alipotaga la kwanza, na kwa kuwa hutaga moja kila baada ya siku mbili au tatu, makinda huanguliwa kwa kupishana. Mkubwa huwa karibu kuvaa manyoya hali mdogo angali uchi. Huomba chakula usiku kucha kwa kukoroma na kupumua kwa nguvu, majuma mengi mfululizo, mpaka waruke. Fikirini basi nyumba ambamo mgonjwa amelala, na kutoka darini yasikika pumzi ya mtu akata roho. Nani asiyeogopa? Lakini panda ngazi mchana, utakuta makinda manne yenye njaa.

Wengine watajibu: «Hata hivyo, bundi hulia penye nyumba ya mgonjwa, tumeona wenyewe.» Hatuwadharau waliosema hivyo, maana mara nyingi wameona kweli. Ila tuulize ni nyumba ipi yenye taa usiku kucha, ikiwa si nyumba ya mgonjwa. Taa huvuta nondo na wadudu, na makombo ya chakula cha wageni waliokuja kumwangalia mgonjwa huvuta panya. Bundi hufuata panya na wadudu. Tena ni watu gani walio macho saa nane ya usiku wakimsikia? Ni hao hao wauguzi. Nyumba nyingine zote zimelala. Bundi amelia juu yake pia, lakini hakuna aliyesikia. Na nani huhesabu zile siku ambazo bundi alilia, kisha kukapambazuka, watu wote wakaamka wazima wakaenda shambani? Hizo husahauliwa. Usiku mmoja wa kifo hukumbukwa miaka 20.

Katika Kivu kuna sababu nyingine tena, nayo ni ya uchungu. Tangu vita vya mwaka 1993 vilivyoanza Ntoto katika Walikale na kuenea Masisi, watu wa nchi hizi wamekimbia makwao mara nyingi wasizoweza kuhesabu. Vijiji vimebaki mahame. Mlango ukivunjika na dari likitoboka, bundi huingia, kwa kuwa hapo pana kimya, na panya wamejaa katika nyasi zilizoota uani. Mwenye nyumba arudipo baada ya mwaka mmoja au miaka mitatu, humkuta bundi amekaa pale alipokuwa akilala babake. Moyo wake humwambia kwamba ndege huyu ndiye aliyeleta maangamizi. Lakini bundi hakuifanya nyumba kuwa mahame. Aliikuta tayari.

Wako pia wanaotafuta msaada katika Maandiko, wakisema kwamba hata Torati inamlaani. Na wasome vizuri. Katika kitabu cha Walawi, sura ya 11, bundi atajwa kati ya ndege ambao Waisraeli walikatazwa kuwala, pamoja na tai, mwewe na korongo. Hapo pamesemwa habari ya chakula tu. Hatujasikia mtu akimpiga mawe korongo kwa ajili ya sura hiyo.

Hofu hii si mchezo, wala bundi si yeye pekee alipaye gharama yake. Mtoto mwenye homa kali, wazazi wakienda kwanza kwa mpiga ramli kuuliza ni nani aliyemtuma ndege, siku mbili hupotea; malaria haingoji siku mbili. Mbuzi ameuzwa, fedha ya zahanati imekwisha. Kisha mpiga ramli hana budi kutaja jina, maana amelipwa ili ataje jina. Huyo atajwaye karibu daima ni mtu asiye na wa kumtetea: bibi kizee mwenye macho mekundu kwa moshi wa jiko, au yatima aliyelelewa na shangazi. Katika Kivu watu wamepigwa, wamechomewa nyumba, na hata kuuawa kwa neno la uchawi. Yafaa tuseme wazi kwamba ukelele wa ndege anayemwita mwenzake si ushahidi mbele ya baraza lolote.

Turudi shambani. Panya wa mashamba ni adui asiyechoka. Jike hubeba mimba siku 23 tu, na huweza kuzaa watoto 10 na zaidi kwa mara moja. Hufukua mbegu za mahindi siku zile zile zilipopandwa, hukata mashina machanga, kisha hufuata mavuno mpaka ghalani. Viroboto wa panya huleta tauni. Katika Ituri, jirani zetu wa kaskazini, ugonjwa huo haujaisha mpaka leo. Sasa tukadirie kwa uangalifu kwamba bundi mmoja hula panya 2 tu kwa usiku. Kwa mwaka ni panya 730. Mume na mke hula 1460, wala hatujahesabu makinda, ambayo kila moja hula kama mzazi wake linapokaribia kuruka. Ni mlinzi gani wa ghala awezaye kufanya kazi hiyo bila posho?

Watu wa nchi nyingine wameliona jambo hili. Katika bonde la Yordani, nchi tunayoijua kwa Injili, wakulima wa Sde Eliyahu katika Israeli walianza mwaka 1983 kuwatundikia bundi weupe masanduku ya kutagia, ili wapunguze sumu mashambani. Baadaye wakulima wa ng'ambo ya mto, katika nchi ya Yordani, wakaungana nao. Kazi haikuwa nyepesi, kwa maana huko nako wengi walimhesabu bundi kuwa ndege wa bahati mbaya, sawasawa na kwetu. Na mataifa hayo mawili yana ugomvi wa zamani. Lakini bundi huvuka mto bila hati ya kusafiria, na panya vivyo hivyo. Katika Malaysia wenye mashamba makubwa ya michikichi huweka masanduku ya namna hiyo, kwa sababu panya hutafuna ngazi. Walimao michikichi Walikale wajua hasara hiyo ni nini.

Hata hivyo hatutaki kumsifu bundi kupita kiasi. Sifa za uongo hazimfai. Katika mashamba ya mahindi ya Morogoro, Tanzania, wataalamu walisimamisha vijiti vya kutulia ndege na masanduku ya bundi, na mahali pengine wakatandaza nyavu ndege wasishuke, wapate kulinganisha. Walichojifunza ni kwamba panya huhama: wakipungua shambani mwako, wa jirani huingia. Bundi hawezi kazi hii peke yake. Ghala lazima liwe na miguu mirefu yenye vikinga panya, magugu yafyekwe kandokando ya shamba, paka alishwe asifukuzwe. Na wale bundi wakubwa wenye pembe, ni kweli, huweza kumchukua kuku aliyelala nje juu ya mti. Mfungie kuku wako bandani.

Jambo moja huwaua bundi zaidi ya mawe ya watoto, nalo ni dawa ya panya. Dawa nyingi ziuzwazo sokoni haziui papo hapo. Panya aliyeila hutembea siku kadhaa akilegea, hawezi kukimbia, na huyo ndiye wa kwanza kunyakuliwa. Sumu huingia katika mwili wa bundi, yeye naye hufa, pengine na makinda yake yote. Mwezi ufuatao panya wameongezeka tena, na mlinzi hayupo. Mtu hununua dawa nyingine. Mwenye duka hufurahi.

Nao bundi wa msituni hawana shida na panya wala dawa. Shida yao ni shoka. Mti wenye tundu la kutosha bundi ni mti wa miaka mingi sana, nao ndio wachoma makala huupenda. Mkaratusi hukua upesi, lakini mashimo hauna. Kusini kwetu, katika milima ya Itombwe katika Kivu ya Kusini, palipatikana mwaka 1951 bundi mdogo wa rangi nyekundu ya kahawia ambaye wataalamu hawakumjua kamwe. Alipewa jina la Alexandre Prigogine, mhandisi wa madini wa Kibelgiji aliyekusanya ndege wengi wa Kivu. Mwili wake ulipelekwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, na kwa miaka 45 hakuna mtaalamu aliyeshika mwingine. Ndipo mwaka 1996, katika Itombwe iyo hiyo, bundi wa pili alipoingia wavuni usiku. Walimpima, wakampiga picha, wakamwachilia. Bwana Prigogine mwenyewe alieleza mwaka 1983 habari za bundi mwingine mdogo wa milima hii, aliyepewa jina la bonde la Ziwa Albert. Hivyo ndivyo ilivyo nchi yetu: wageni wamekuja kutoka mbali sana kutafuta usiku kucha ndege ambaye sisi humfukuza kwa vijinga vya moto.

Seremala yeyote aweza kutengeneza sanduku la bundi mweupe. Mbao zozote kavu zafaa. Sakafu iwe na upana wa sentimita 40 na urefu wa 60. Mlango uwe wa mraba, sentimita 13 kila upande, nao uwekwe juu, ili kutoka mlango hadi sakafu pawe sentimita 45, makinda yasianguke nje kabla ya wakati. Chini patobolewe matundu madogo ya kutoa maji. Litundikwe kimo cha mita 4 au zaidi, katika ghala au juu ya mti ulio peke yake ukingoni mwa shamba, mgongo wake ukielekea upande mvua itokapo. Kisha liachwe. Huenda likakaa tupu mwaka mzima. Mwenye sanduku asichungulie kila juma, wala asimshike bundi kwa mikono mitupu, maana kucha zake hupenya ngozi.

Na ninyi wanafunzi mna kazi yenu. Bundi humeza panya mzima, na baada ya saa chache hutapika kitonge cheusi, ukubwa wa dole gumba, chenye manyoya na mifupa isiyosagika. Chini ya kiota vitonge hivyo hulala kwa makumi. Viokoteni kwa kijiti, vikaushwe kwanza juani, kisha mviloweshe na kuvitenganisha taratibu juu ya karatasi, na mikono ioshwe kwa sabuni mkimaliza. Fuvu la panya lina meno marefu mawili mbele, mengine ya rangi ya machungwa. Fuvu jembamba lenye meno madogo yenye ncha ni la kirukanjia. Mara chache mtapata fuvu la kwelea au mguu wa chura. Andikeni hesabu katika daftari kila mwezi, mafuvu mangapi ya panya na mangapi ya vitu vingine, mkapige msitari chini na kujumlisha. Kisha mpelekeeni mwenye shamba lililo karibu ile karatasi, pamoja na mafuvu yenyewe katika kopo, apate kuyahesabu kwa macho yake.